Kuitazama tena “Emissary” pamoja na mtoto wa kaka

Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, inaanza na msiba. Maandishi machache yanapanda kwenye kioo yakieleza kwamba Kapteni Jean-Luc Picard alitekwa na Waborg, viumbe nusu mashine, kwa siku 6, akafanyiwa upasuaji, akalazimishwa kuongoza mashambulizi dhidi ya jeshi lake mwenyewe mahali paitwapo Wolf 359. Kisha, bila hodi, uko ndani ya chombo kinachoungua. Ofisa mmoja mweusi, Benjamin Sisko, anapenya kwenye moshi kuitafuta familia yake. Anamkuta mwanawe Jake amezirai. Mkewe, Jennifer, amelaliwa na vifusi na ameshakata roho. Mwenzake anamwambia hakuna tena la kufanya, tuondoke. Sisko hasikii. Anaburutwa mpaka kwenye chombo cha kujiokolea, na kupitia kidirisha anaiona Saratoga, meli yao, ikilipuka na mkewe akiwa humo.

Wengi niliowashauri waitazame tamthilia hii waliishia hapo, au mbele kidogo tu. Siwalaumu. Sehemu hii ya kwanza, “Emissary”, ni ndefu kama filamu nzima na imebebeshwa mzigo wa punda. Ilirushwa Marekani mwanzoni mwa Januari 1993, wakati The Next Generation, tamthilia ya Star Trek iliyoitangulia, ikiwa bado hewani katika msimu wake wa 6, na mwandishi wake, Michael Piller, alitakiwa kwa usiku mmoja atutambulishe kwa kituo cha anga, sayari iliyotoka kukombolewa, dini yake, wakoloni waliofukuzwa, na wahusika ambao mtu hawezi kuwashika majina wote kwa mara moja. Halafu katikati ya hayo yote anamketisha mhusika mkuu kwenye mazungumzo marefu na viumbe wasioonekana kuhusu maana ya wakati. Mtu aliyekuja kutafuta bunduki za mwanga atasinzia.

Mimi niliitazama mara ya kwanza na kaka yangu, miaka ya kati ya 2000, katika chumba chake cha kupanga Temeke, kwenye tivii ya chogo iliyozidi rangi ya kijani. Diski aliinunua Kariakoo, zile zilizokuwa zikibeba sehemu tele kwa pamoja, na ganda lake lilikuwa na picha ya filamu nyingine kabisa. Kaka alikuwa mwalimu wa historia. Kutazama naye chochote kulitaka subira, maana rimoti ilikaa mkononi mwake, na kila alipoona jambo la kufundisha alisimamisha picha, akageuka, akaanza: “Sasa sikiliza, mdogo wangu.” Kwenye tukio la Wolf 359 alisimamisha ili anieleze kwamba hiyo ni nyota ya kweli, iko umbali wa karibu miaka-nuru 8 kutoka hapa, kwenye kundi la nyota la Simba. Yeye mwenyewe alikuwa Yanga, kwa hiyo akaongeza kwamba haishangazi mabaya yote kutokea huko.

Tulifika mwisho wa sehemu hiyo usiku wa manane.

Kaka alichokipenda hakikuwa vyombo vya anga. Alipenda kwamba ni tamthilia ya watu waliopata uhuru jana. Wabajor wametawaliwa na Wacardassia kwa miongo mingi. Wacardassia wameondoka majuzi tu, na wakati wa kuondoka wamekisambaratisha kituo: maduka yamevunjwa, mitambo imeharibiwa, kila chenye thamani kimebebwa. Sisko anapofika na mwanawe, Miles O’Brien, fundi mkuu wa kituo, anamtembeza kwenye kifusi hicho. Hapo rimoti ilifanya kazi tena. Kaka alinisomesha habari za Guinea: mwaka 1958 Sékou Touré na watu wake waliikataa jumuiya ya De Gaulle kwenye kura ya maoni, na Wafaransa wakaondoka na mafaili, na vifaa, na hata simu ukutani wakaing’oa. “Huyu aliyeandika hii amesoma,” alisema. Sijui kama Piller aliwahi kuifikiria Guinea hata siku moja, lakini usingeweza kumwambia kaka hivyo.

Kisha akaja Kira Nerys, meja wa Kibajor, aliyeigizwa na Nana Visitor. Sisko anamkuta ofisini akigombana na wakubwa wake kwenye simu ya kioo. Muda si muda anamgeukia yeye. Anamwambia kwamba amekuwa akipigania uhuru tangu alipoweza kubeba silaha, na sasa, baada ya kumtoa mkoloni, serikali ya mpito imekwenda kuliita Shirikisho, muungano wa sayari ambao Sisko anautumikia, liingie. Sisko anajitetea kwamba Shirikisho limekuja kusaidia. Kira anamkata: hata Wacardassia walisema hivyo hivyo, miaka 60 iliyopita.

Kaka alipiga makofi peke yake chumbani.

Lazima nieleze tunakotoka. Sisi ni watu wa Liwale, ndani kabisa ya mkoa wa Lindi. Ni Liwale ile ambayo boma lake la Kijerumani lilitekwa na kuchomwa na wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905. Nilipokuwa mdogo, masika yakichacha, barabara ya kwenda Nachingwea ilikuwa inaamua yenyewe nani afike na nani asifike. Watumishi wengi waliopangiwa kwetu walikuja wakiwa wamenuna. Walimu, mabwana shamba, waganga: unamwona mtu ameshuka kwenye lori na godoro lake, anatazama huku na huku kama anayetafuta mahali mji ulipojificha. Na wote walikuwa na neno moja la kutuita, wengine kwa huruma na wengine kwa kujisifu walipoandikia wenzao barua: “Niko huku porini.”

Kwa hiyo hebu mfikirie msichana wa Liwale, tena aliyekwisha kuwa mtu mzima, anapofika kwenye tukio la Dk. Julian Bashir. Daktari huyu kijana, mwembamba, mwenye maneno mengi (mwigizaji wake ni mzaliwa wa Sudan, na wakati ule alikuwa akiitwa Siddig El Fadil), anatembea na Kira kwenye zahanati iliyobomolewa. Anamweleza kwa furaha jinsi angeweza kupata kazi nzuri popote, lakini yeye akachagua huku, mwisho wa dunia, ambako mashujaa huzaliwa, akachagua pori. Kira anamsikiliza. Kisha anamwambia, huku anatabasamu kwa meno tu, kwamba pori hilo ni nyumbani kwake. Anamalizia kwa kumshauri awapelekee wenyeji dawa zake za Kishirikisho, atawaona ni watu wapole, wasio na makuu.

Rimoti siku hiyo niliinyakua mimi. Nilirudisha nyuma tukaliona tena tukio lile, na tena. Kitu nilichokuwa nimekimeza tangu darasa la tatu kilikuwa kinasemwa na mwanamke mwenye makunyanzi ya bandia puani, kwenye kituo kinachoelea angani, kwa Kiingereza. Sijawahi kuona kitu cha kutungwa kikinifahamu vile.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hata ugomvi ule wenyewe ulikuwa jambo jipya. Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, alikuwa hapendi watu wake wa karne zijazo wagombane wao kwa wao. Aliona binadamu watakuwa wameshapita huko. Alifariki mwaka 1991, kabla kituo hiki hakijazaliwa. Piller na Rick Berman walipata njia ya kuzunguka: waweke watu wa Shirikisho, wastaarabu na walioshiba, halafu wachanganye na watu ambao sio wa Shirikisho na wana njaa na hasira zao. Ndiyo maana kituo kile kinanuka maisha kuliko meli zote za Star Trek zilizokitangulia. Kina mwenye baa ambaye ni mlanguzi, kina askari asiyejua ametoka wapi, kina waumini, kina wezi.

Kaka mwenyewe alimwelewa Sisko kwa sababu nyingine. Kazi yake ya kwanza alipangiwa shule ya sekondari mkoani Rukwa. Aliripoti akakuta nyumba ya mwalimu haina mlango, na ofisi ina meza moja ya walimu wote. Sisko naye anaripoti kituo ambacho hakukiomba, analala na mwanawe mahali ambapo hakuna hata kitanda cha maana, na mawazo yake yote ni kwamba ataacha jeshi arudi duniani. “Huyu anasubiri barua ya uhamisho,” kaka alisema. Yeye aliisubiri ya kwake mpaka alipoacha kuisubiri, na alipokuja kuipata alisikitika kuondoka.

Kaka alifariki. Aliugua kwa muda mfupi, na mwanawe alikuwa bado mdogo.

Yeyote aliyefiwa kwetu anajua mpangilio. Siku ya kuzika, siku tatu za kukaa tanga, hitma, halafu tanga linaanuliwa. Mikeka inakunjwa, sufuria za kuazima zinarudishwa, wageni wanapanda magari. Kisha inakuja arobaini. Na maneno ya kufariji yote yanaelekea upande mmoja: kazi ya Mungu haina makosa, yaliyopita yamepita, maisha lazima yaendelee. Ni maneno mazuri, nami nimewaambia wengine hayo hayo na nitawaambia tena, kwa sababu siku ile hakuna jingine la kusema. Lakini yote yanadhani kwamba msiba ni barabara, kwamba kila kunapokucha unakuwa umesogea kidogo kutoka pale ulipoangukia.

Mimi sikusogea. Niliendelea na kazi, nilicheka harusini, nilipika futari. Lakini ukiniuliza niko wapi hasa, nilikuwa kwenye korido moja yenye benchi la mbao, saa za alfajiri, nimeshika mfuko wenye kanga na chupa ya chai. Deep Space Nine sikuitazama tena. Haikuwa nadhiri, kila nilipoona jina lake mahali nilipita tu.

Mtoto wa kaka alipofaulu kuingia sekondari alikuja kukaa kwangu, Morogoro. Ni kijana mrefu, mkimya, shabiki wa mpira mpaka inakera. Ni yeye aliyeyaleta mambo haya. Likizo moja alikwenda kwao kumwona mama yake, akarudi na boksi la vitu vya marehemu ambavyo wifi alikuwa ameviweka darini: madaftari, vitambulisho, na diski. Kati ya hizo mlikuwa na ile ya Kariakoo, imechubuka haisomeki. Juu yake kaka alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wake wa ubaoni: USIAZIMISHE.

“Shangazi, hii ni nini?”

Nikamwambia ni tamthilia. Akauliza inahusu nini. Nikaanza kueleza, nikaona ninachanganya, nikamwambia tutaitafuta.

Tuliipata, tukaunganisha kompyuta kwenye tivii ya flati, na jambo la kwanza aliloliona ni ukungu. Picha za Deep Space Nine hazijawahi kusafishwa upya zote kwa viwango vya sasa kama walivyoifanyia The Next Generation, hivyo kwenye kioo kikubwa zinaonekana kama unatazama kupitia chandarua. Tivii ya chogo ilikuwa ikilificha hilo. “Hii ni ya mwaka gani?” Nikamwambia 1993. Akanitazama kwa heshima ile wanayompa mtu aliyenusurika vita.

Kutazama upya sehemu ya kwanza ya kitu unachokijua mpaka mwisho si kama kuitazama mara ya kwanza, na wala si kama kutazama sehemu ya katikati unayoipenda. Kila mtu anayeingia kwenye kioo anaingia na mwisho wake mkononi. Sisko ana nywele na hana ndevu, na cheo chake ni kamanda. Kapteni mwenye kipara na ndevu ambaye mashabiki wanamjua bado yuko misimu kadhaa mbele. Jadzia Dax, ofisa wa sayansi, anatabasamu akiingia, nami tayari nina huzuni yake. Gul Dukat, Mcardassia aliyekuwa mkuu wa kituo, anakuja kwenye ofisi ambayo wiki mbili zilizopita ilikuwa yake, anakaa kwa ulaini, anampa Sisko makaribisho ya jirani mwema. Mara ya kwanza nilimwona ni adui mwenye adabu, sasa kila sentensi yake inanisisimua mwili kwa ninayoyajua.

Halafu yupo Nog. Ni Mferengi mdogo, mpwa wa mwenye baa, anayenaswa akiiba mwanzoni kabisa. Sisko anamtupa mahabusu na kumtumia kama mtego wa kumzuia mjomba wake, Quark, asihame: baki ufungue baa yako, watu waone kuna maisha hapa, na mtoto hatafunguliwa mashitaka. Yule mtoto aliyeonekana kama kichekesho cha kupita ndiye atakayekuja kuwa Mferengi wa kwanza kuvaa sare ya Starfleet, jeshi la Shirikisho. Aron Eisenberg aliyemwigiza alifariki mwaka 2019. Nilipomwona anakimbia na mali ya wizi, macho yalinilenga machozi, na kijana akaniangalia akidhani shangazi yake ameanza kuzeeka.

Yeye alikuwa anatazama mbele. Mimi nilikuwa natazama kutoka kila upande kwa pamoja. Nilijizuia kusimamisha picha. Nilikuwa na Guinea mdomoni, nilikuwa na nyota ya kundi la Simba, nilikuwa na lile la Yanga. Niliyaacha yapite. Mtu akishikwa mkono kila hatua haoni njia, anaona mkono. Isipokuwa kwa Kira na daktari. Hapo sikusimamisha, ila nilisema kwa sauti “Mwambie!” na yeye akacheka. Akauliza, “Huyu si kama wale wanaokuja Liwale?” Kwa hiyo hata kizazi chake kinawajua.

Kulikuwa na jambo moja zito zaidi nililokuwa nalifahamu na yeye halifahamu. Wanaoijua tamthilia wanalijua, na asiyeijua aruke aya hii. Katika sehemu ya mwisho, iliyorushwa mwaka 1999, Sisko anaondoka kwenda kuishi na Manabii, viumbe ambao Wabajor wanawaabudu, nje ya wakati, na haisemwi atarudi lini. Jake anabaki. Picha ya mwisho ya tamthilia nzima ni kijana huyo amesimama dirishani na Kira, akitazama mahali baba yake alipokwendea. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi moja na mtoto asiye na baba, nikimwonyesha baba na mwanawe wakivua samaki kwenye bwawa la kubuni, mtoto akiuliza kama huko waendako kuna watoto wenzake, nami najua kunakoishia. Kabla hatujaanza nilimpigia simu wifi, nikamweleza. Wifi hajawahi kuipenda tamthilia ile, alikuwa akisema inamla mumewe usingizi. Alinyamaza kidogo, akasema: “Mwache aone. Si mtoto tena. Na akiona kwako ni afadhali kuliko aone peke yake.” Basi.

Niliogopa sana Manabii wangemchosha. Sisko na Dax wanagundua njia ya mkato angani inayokupeleka umbali wa miaka-nuru 70,000 kwa dakika chache, na ndani yake kuna viumbe ambao Wabajor wanawaabudu. Hawana miili. Wanazungumza na Sisko kwa kuvaa sura za watu anaowakumbuka: mkewe, mwanawe, Picard. Na hawaelewi kitu kimoja kuhusu yeye: wakati. Kwao hakuna jana wala kesho. Sisko anajitahidi kueleza jinsi viumbe kama sisi tunavyoishi, jambo baada ya jambo, na kila uchaguzi una matokeo usiyoyajua mpaka yatokee. Anaishia kuwafundisha kwa besiboli. Kila mpira unaporushwa, anawaambia, mambo mia yanaweza kutokea. Mchezaji anaweza kuukosa, anaweza kuupiga. Hakuna ajuaye, na huko kutokujua ndiko kunakofanya mchezo uwe mchezo.

Kijana aliyekuwa ameinamia simu aliinua kichwa.

“Kwa hiyo hawa wanajua matokeo yote?”

“Yote.”

“Sasa wanaishije? Ni kama kutazama marudio ya mechi wakati umeshasikia matokeo redioni.”

Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe hutazama marudio ya goli moja mpaka bando linaisha. Akafikiri. Akasema ile ni tofauti, goli ukishalijua unatazama vingine: beki alikuwa wapi, kipa alianza kuanguka lini, nani alikuwa anakimbia bila mpira. Hakujua kwamba amenieleza kwa nini nimekaa naye pale.

Kisha likaja tukio ambalo ndilo tamthilia nzima imejengwa juu yake. Manabii wanamrudisha Sisko kwenye Saratoga inayoungua. Anakataa, anawauliza kwa nini wanamleta hapa kila mara. Wanamjibu kwamba si wao wanaomleta. Ni yeye. Anaishi hapa. Kila alipokuwa akieleza habari za kusonga mbele, jambo baada ya jambo, akili yake ilikuwa ikirudi kwenye chumba kile chenye moshi, mbele ya mwili wa mkewe. Anapiga magoti. Analia kama mtu mzima anavyolia asipotarajia kuonekana, na anakiri kwamba ni kweli, hajawahi kuondoka pale. Viumbe wasiojua wakati ni nini ndio wanaomwonyesha kwamba yeye, anayedai kuishi kwa mstari ulionyooka, hajanyooka hata kidogo.

Avery Brooks anaigiza tukio lile bila kujificha. Wapo wanaosema amezidisha. Hao nadhani hawajawahi kukaa kwenye benchi la korido.

Mara ya kwanza, chumbani Temeke, tukio hili lilinipita. Nilikuwa na hamu ya kurudi kwa Kira, ambaye wakati huo huo anakisogeza kituo kizima hadi kwenye mlango wa ile njia ya mkato na kuwazuia Wacardassia kwa makombora machache na uso mkavu. Ni kaka aliyesema kitu. Alisema, “Huyu mtu miaka mitatu hajaanua tanga.” Kisha akabonyeza, picha ikaendelea, wala hakufundisha. Nilikuwa nimelisahau neno hilo kabisa. Lilirudi pale kwenye kochi, na sauti yake, na jinsi alivyokaa na mguu mmoja juu ya kitanda.

Tanga linaanuliwa na watu wengi kwa wakati mmoja, ndiyo maana linaanulika. Lile jingine, ambalo Sisko analo, halina mikeka ya kukunja, na hakuna mzee wa kusema sasa basi. Kilichonishangaza safari hii ni jinsi sehemu hii isivyomponya. Hasahau. Hatoki kwa Manabii akiwa mtu mpya anayerukaruka. Anarudi kituoni, anamwambia Picard asitafute mtu wa kushika nafasi yake, anampa mkono mtu ambaye mwanzoni alimtazama kama muuaji. Ni hayo tu. Amejua yuko wapi, na kujua huko kumempa uwezo wa kuwa na mahali pengine pia. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba nikiikubali ile korido ndiyo nitakwama humo daima. Nimeikubali, na siku hizi ninaweza kumzungumzia kaka mbele ya mwanawe pasipo kutafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

Kijana hakulia. Baada ya tukio lile alikaa kimya, akauliza swali moja tu: “Baba aliipenda sehemu hii?” Nikamweleza alichosema. Akalirudia neno la baba yake taratibu, mara moja, kisha akasema anataka chai.

Majina ya waigizaji yalipokuwa yanapita nilimshauri kwa nia njema kabisa turuke baadhi ya sehemu za msimu wa kwanza. Kila shabiki anakubali msimu ule una makapi. Kuna sehemu moja ambamo maofisa wazima wanageuzwa kete za mchezo na kulazimika kurukaruka wakiimba wimbo wa watoto, na sitaki mtu yeyote aione akiwa na umri wa kuamua mambo. Nilimwambia misimu ni 7, tukiwa wajanja tutaokoa muda mwingi.

“Hapana, shangazi. Kwa mpangilio.”

“Hata zile mbaya?”

“Baba aliruka?”

Kaka hakuruka hata moja. Alitazama mpaka ile ya kurukaruka, tena akaisimamisha katikati kunieleza habari za bao. Nikasalimu amri, nikamwacha aitafute inayofuata. Akiwa anahangaika na kebo nyuma ya tivii akauliza baba yake alikuwa anampenda nani kuliko wote, Sisko au Kira.

“Quark,” nikamwambia.

“Yule wa baa? Mlanguzi?”

“Alisema kwenye kituo chote kile ni Quark peke yake anayeuliza nani atalipa. Wakati huo mshahara wake ulikuwa haujaingia tangu aripoti.”